Wingi wa Kageha

Ukifika Khwisero, mwulize mtu yeyote sokoni kageha ni nini. Atakuonyesha rimoti ya televisheni, au tochi ya kufunga kichwani, au vile viziba masikio ambavyo vijana huvaa ili wasisikie wakitumwa. Chochote kidogo chenye waya au betri, ambacho jina lake halijulikani au halikumbukwi haraka, hapa kwetu ni kageha. Vikiwa vingi ni tugeha. Likiwa kubwa, kama ile spika ya kanisa inayotunyima usingizi, nimesikia kwa masikio yangu likiitwa geha.

Mwulize tena neno hilo limetoka wapi. Atakwambia limekuwapo tu. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na hakuna jibu linaloniudhi kuliko hilo. Neno halijiotei kama magugu. Hili limetoka kwa mwanamke ambaye yu hai, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na siku hizi hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono. Anaitwa Kageha.

Alikuja kuolewa hapa akitoka Maragoli. Jina hilo alipewa na nyanya yake mzaa baba, ambaye naye alilipata kwa nyanya yake. Kwao jina huruka kizazi, bibi akamwachia mjukuu, na mjukuu akalitunza mpaka apate wake wa kumwachia. Mumewe alikufa mapema akamwachia binti mmoja, Beverly, na kuanzia hapo sisi wote tukamwita Mama Beverly. Hata mimi, rafiki yake, niliyekuwa nikiazima chumvi kwake na kumsengenya mchungaji pamoja naye, nilimwita hivyo. Desturi yetu ni ya heshima, sikatai, lakini heshima nyingine humla mtu polepole. Ukizaa tu, jina lako linawekwa kabatini.

Simu za mkononi zilipoenea, majumbani hakukuwa na stima. Watu walitembea na simu zilizozimika kama waliobeba wagonjwa. Mama Beverly akanunua betri kuukuu ya gari, akajenga kibanda cha mabati pembeni mwa soko, akaanza kuchaji. Shida ikawa pini. Huyu ana simu ya pini nene, yule ya pini nyembamba, mwingine simu yake imevunjika mdomo haipokei pini yoyote. Hakuwa na uwezo wa kununua chaja za kila aina. Siku moja alikuwa akianua nguo, akakaa akitazama kibanio. Akatia vipande viwili vya waya wa shaba kwenye meno ya kile kibanio, akaviunga na mkia wa chaja iliyokatika. Ukitoa betri kwenye simu, ukaibana hapo, inajaa, iwe ya simu gani. Waya ukikosea upande, betri inapata moto. Hakuwa na kipimo cha kumjulisha hayo, alijua kwa kunusa.

Sasa kuhusu kibao. Alimwomba mchoraji amwandikie jina lake mwenyewe, si Mama Beverly. Aliniambia, "Mwalimu, angalau mahali pamoja tu niitwe mimi." Mchoraji akaandika kwa rangi nyekundu: KAGEHA CHAJI SIMU. Hakuweka nukta wala mstari katikati. Watu wa hapa, ambao kila kidogo kwao ni ka, katoto, kanyumba, kadude, walisoma kibao kile na kuelewa walichoelewa. Mteja akija alisema, "Niwekee kwa kageha." Alimaanisha kwa yule mama au kwa kile kibanio? Mwanzoni yeye, mwenye jina, alifikiri wanamtaja, na alifurahi sana. Alikuja kuniambia kwamba hatimaye watu wamejifunza jina lake. Sikuwa na moyo wa kumwuliza maswali.

Ukweli aliujua siku ya soko, alipomsikia Bashir. Bashir ni mfanyabiashara wa Mumias, mtu mpole, husalimia kila mtu kabla hajauza kitu. Alikuwa amejifunza kutengeneza vibanio vile, au amepata mahali vinapotengenezwa, sijui. Alivitandaza kwenye turubai, akashika kipaza sauti: "Kageha mpya! Tugeha tuko hapa! Chukua kageha, chukua tugeha tatu upunguziwe!"

Mama Beverly akaniburura mkono tukaenda.

"Asalaam aleikum, mama zangu," Bashir akasema.

"Hiyo kitu unauza nani alikwambia inaitwa hivyo?" akamwuliza.

"Kageha? Si watu wote wanaitanga hivyo?"

"Kageha ni mimi. Ni jina yangu. Nilipewa na nyanya yangu."

Bashir hakucheka, nampa haki yake. Alifikiri kweli kweli, kisha akasema kwa upole, "Mama, nisamehe. Lakini jina ya mtu haikuanga na wingi. Mimi ni Bashir, hakuna mtu anaweza kuitisha mabashir tatu. Hii iko na wingi. Watu wanaitishanga tugeha. Sasa hiyo itakuwa jina ya mtu aje?"

Akanigeukia mimi. "Si hivyo, Mwalimu?"

Kwa sarufi alikuwa sawa. Hilo ndilo lililonikera. Nilisema maneno ya ovyo kuhusu majina ya pekee, na Mama Beverly akageuka kuondoka. Tukarudi. Nyuma yetu kipaza sauti kikaanza tena.

Yaliyofuata sijapata kumweleza mtu. Nilikuwa nafundisha darasa la sita, na somo la siku hiyo lilikuwa udogo wa nomino. Nilikuwa na hasira na hii ka ya barabarani, maana kwenye mtihani watoto waliandika kambuzi na tumbuzi na kupoteza alama. Nikawaambia wanipe mifano ya udogo wanaoutumia nyumbani, niwasahihishe. Katoto! Nikaandika, nikafuta, nikaandika kitoto. Kajiko! Nikafuta, kijiko. Mmoja nyuma akapaza sauti: kageha!

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika kigeha, wingi vigeha, nikapigia mstari. Mkono ulikuwa umeshika kasi, na kasi ya ualimu ni ugonjwa. Nilipogeuka darasa lilikuwa linaangua kicheko, wote wametazama safu ya tatu, alipokuwa ameketi Beverly. Watoto walijua mama yake anaitwa nani. Walisoma kibao kila siku wakienda shule. Mimi niliyekula kwake Jumapili iliyopita ndimi nisiyekumbuka.

Ningeweza kunyamazisha darasa. Ningeweza kusema, hili ni jina la mtu, nimekosea. Badala yake nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, kwa sababu mwalimu akikosea mbele ya watoto hamsini na wawili hutafuta pa kujificha, na kicheko chao kilikuwa karibu. Kengele ikalia. Kuanzia siku hiyo Beverly akaitwa Kigeha, shuleni, kisimani, kwaya ya kanisa, mpaka alipomaliza darasa la nane. Hakumwambia mama yake. Wala mimi sikumwambia. Mama yake aliona tu kwamba mtoto ameacha kupita kibandani baada ya masomo, akadhani ni utu uzima.

Neno nalo likaendelea kukua bila adabu. Stima ikaingia vijijini, zikaja simu ambazo betri haitoki, vibanio vikakosa kazi, lakini jina likahamia kwenye vingine. Kisha likaanza kuoza. Kwa kuwa vitu vyenyewe vilikuwa vya bei rahisi na vya kuharibika, kageha likawa pia kitu cha bandia. Daktari wa kageha ni yule asiye na cheti. Ahadi ya kageha ni ile ya wakati wa kura. Baadaye vijana wa stendi wakaliweka mahali pabaya zaidi. Msichana ambaye kila mwanamume anapita kwake akiondoka hamtambui, kazi yake kuwajaza wengine, huyo naye akawa kageha. Nimewahi kumpiga mmoja kofi kwa kulisema mbele yangu. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hakujua kosa lake ni nini.

Akaja pia bwana mmoja wa chuo, sitakitaja, akikusanya maneno ya watu wa magharibi. Alikuwa na kinasa sauti na viatu vilivyong'aa. Akaelekezwa kwangu kwa kuwa ni mwalimu wa lugha. Nikamweleza yote, kibanio, kibao, Bashir. Nikamwonyesha kibanda, na mwenyewe akiwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Nilimwambia aende amsalimie. Bwana yule akatabasamu kwa huruma, akasema wananchi hupenda kubuni hadithi za namna hiyo ili kueleza maneno wasiyoyajua asili yake. Miezi kadhaa baadaye alinitumia ukurasa. Kageha, aliandika, ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, gajeti, lililopata kiambishi cha udogo, kagajeti, likafupishwa vinywani mwa wasiosoma. Nilikasirika. Jina lililotunzwa na vikongwe kizazi hadi kizazi, mtu amelipatia baba Mzungu, tena kwa maandishi.

Sikumwonyesha rafiki yangu ukurasa huo. Unaona jinsi nilivyo hodari wa kutoonyesha.

Kisukari kilimpata kama miaka sita iliyopita. Kwanza macho, halafu mguu ukawa na kidonda kisichopona. Kibanda kilifungwa, kibao kikaliwa na kutu na mvua. Alianza kuzungumza juu ya jina. Si kwa huzuni, kwa mpango, kama mtu anayegawa shamba kabla hajafa. Beverly alikuwa ameolewa Butali na kijana mmoja, Isaiah, dereva wa trekta za miwa. Wa kwanza alikuwa mvulana, Tyson, aliyetolewa kwa upasuaji. Mwaka jana akapata mimba tena, na picha ya hospitali ikaonyesha msichana. Madaktari wakasema atapasuliwa tena, na afungwe kizazi hapo hapo kwa usalama wake.

"Basi ni huyu," Kageha aliniambia. "Hakuna mwingine nyuma yake. Mwalimu, mimi siombi kitu. Mali sina. Lakini hii jina si yangu, niliachiwa tu niibebe. Nikikufa nayo nitamwambia nini nyanya?"

Akaniomba niende Butali nikaseme na Beverly. Alisema binti anamheshimu mwalimu wake kuliko anavyomheshimu mama yake. Nikakubali.

Nilimkuta Beverly nje ya chumba chao cha kupanga, tumbo limemjaa, anaosha sare ya Tyson. Harufu ya molasi kutoka kiwanda cha sukari ilikuwa imetanda kila mahali. Alinipokea vizuri, akanipa kiti chenye mto, akanitilia chai na kunikatia mkate. Tulizungumza habari za nyumbani. Nilipotaja jina, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, kati ya watu wote, ni wewe umetumwa?"

"Ni mimi."

"Unakumbuka udogo wa nomino?"

"Nakumbuka."

"Mimi nakumbuka mpaka rangi ya chaki. Ilikuwa ya manjano." Hakupandisha sauti. "Sikukasirikia watoto, watoto ni watoto. Nilikungoja wewe useme kitu. Nikangoja mpaka kengele. Nikangoja mpaka kesho yake. Nikafika darasa la nane ningali nangoja."

Nikamwambia nilikosea. Nikasema kwa maneno mengi, yote sahihi, na kila neno lilikuwa limechelewa miaka kumi na minne. Majuto ni mjukuu, tuliwafundisha watoto hivyo, na mimi nilikuwa nimekaa hapo nikimwombea mjukuu jina.

"Mama nampenda," Beverly akasema. "Nikipata kidogo namtumia. Lakini hapa Butali nikiangusha rimoti jirani ananiambia okota kageha yako. Isaiah akinunua simu mbaya anasema ni kageha. Na hiyo maana ingine unaijua. Sasa nimpeleke msichana shule, mwalimu aite hiyo jina kwa darasa? Atoke barabarani vijana wamwite kwa jina lake na waseme hawajamtukana? Wewe ungefanya hivyo kwa mtoto wako?"

Sina mtoto. Lakini nilijua jibu, na jibu lilikuwa la kwake.

"Fikiria tu," nikasema. "Mama yako hana siku nyingi."

"Nitafikiria," akasema, kwa namna watu wanavyosema ili mgeni amalize chai aende.

Nikarudi Khwisero. Kageha alikuwa kitandani, uso ameuelekeza mlangoni kabla sijabisha. Nikamwambia Beverly amesema atafikiria. Nilisema maneno yale yale niliyoambiwa, lakini niliyatia furaha ambayo haikuwamo. Akashika mkono wangu, akaubusu. Jumapili iliyofuata akaomba kutoa ushuhuda kanisani, akatangaza kwamba anangoja kumpokea Kageha mdogo. Watu wakapiga makofi. Vijana wawili wa nyuma wakaangua kicheko, wakafukuzwa nje. Alisikia kicheko, hakuelewa cha nini, naye akacheka pamoja nao.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nne. Beverly alimleta alipotimiza wiki sita, mchana wa Jumamosi, amemfunga blanketi jeupe. Nilikuwepo. Nilikuwa nimepika obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za mrenda, na mgonjwa alikuwa ameogeshwa na kuvalishwa gauni lake la buluu. Akanyoosha mikono kabla mtoto hajafunguliwa. Akampakata, akampapasa paji la uso, pua, masikio, vidole kimoja kimoja, kwa kuwa macho yalikuwa yamebakiza ukungu tu.

"Karibu," akamwambia. "Karibu kwenu, Kageha."

Beverly akanitazama. Nikatazama sufuria.

"Mama," akasema, "anaitwa Jelagat."

Mtoto akapiga miayo.

"Jelagat," Kageha akarudia, taratibu. "Hiyo ni jina ya wapi? Kwani Isaiah iko na watu Nandi?"

"Hapana, Mama. Ni jina ya nesi alinisaidia. Nilikuwa naogopa sana ile chumba ya upasuaji. Alinishika mkono mpaka mwisho."

"Mlikuwa mnajuana?"

"Hapana. Aliingia asubuhi. Mchana zamu yake ikaisha, akaenda."

"Hukumwona tena?"

"Sikumwona."

Kageha akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu. Akalifunika blanketi vizuri miguuni mwa mtoto. "Ni sawa," akasema. "Mtu akikushika mkono usimsahau. Nusu siku pia ni siku." Kisha akambariki mtoto kwa Kimaragoli, maneno marefu, na mwisho akamwita Jelagat, jina lililomshinda kidogo ulimini. Beverly alilia. Nilidhani atabadili neno, atasema basi tuongeze jina la pili. Alilia tu, akamnyonyesha mtoto, na ilipofika saa tisa akaondoka kuwahi gari la Butali.

Tukabaki wawili. Chakula hakikuwa kimeguswa. Kageha alikuwa amelala ameugeukia ukuta, nikadhani amesinzia.

"Mwalimu," akasema. "Wewe ulimfundisha huyu mtoto. Ulimjua. Hebu niambie ukweli, mimi sitakasirika. Kuna kitu nilimfanyia akiwa mdogo? Nafikiria, nafikiria, sipati. Nilimpiga mara moja tu, alipomwaga maziwa. Nilimkosea nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa na tarehe, na darasa, na rangi ya chaki. Lingemtoa mzigo ule kifuani saa ile ile na kuuweka kwangu, mahali pake.

Nikamwambia hakumkosea chochote, ni dunia tu. Nikamega obusuma, nikamwambia ale kabla chakula hakijapoa.